Masale ya Mama Ndeshi

Nilipokabidhi funguo za ofisi, binti aliyechukua meza yangu, Neema, aliniomba nimwandikie namna kazi ile inavyofanyika, ili yeye na wenzake wasipotee njia. Nikamwambia nitaandika, ila asitegemee kucheka sana. Nimekaa sasa barazani, mvua za masika zimefunga mlima wote hauonekani, na miguu yangu ambayo ilipanda na kushuka ule mlima miaka mingi inanidai mapumziko. Basi Neema, kaa vizuri. Habari za vyeo usizitafute humu. Niliingia karani wa wakili, nikatoka karani wa wakili, na keki nikakatiwa.

Ofisi yetu unaijua, ipo Themi, ghorofani, juu ya duka la rangi. Siku ya kwanza nilipanda zile ngazi nikiwa nimevaa viatu vya kisigino na sketi iliyopigwa pasi, maana nilitoka Machame nikiwa na cheti cha kupiga chapa na nilidhani nimekuja kupiga chapa. Wakili aliniangalia viatu, akamwita Mzee Lazaro. Mzee Lazaro alikuwa Mmeru mwembamba, anavaa koti kubwa hata jua likiwaka, na kikohozi chake kilikuwa kinatangulia kabla yeye hajafika. Alikuwa amefanya kazi za mirathi tangu wakili mwenyewe yuko shule. Naye aliniangalia viatu. Akaenda stoo akarudi na buti za mvua zilizonizidi saizi, akaziweka miguuni kwangu. "Binti," akasema, "mirathi haipigwi chapa. Mirathi inatembelewa."

Mchana wa siku hiyohiyo tulikuwa kwenye tope la Meru tukifukuzwa na mbwa wa mtu.

Chombo chake cha kazi kilikuwa ungo na kopo la maharage. Ndiyo, ungo. Vijana wa siku hizi mkimsikiliza mzee anaeleza ukoo wake mnachora mistari kwenye kompyuta, kisha mnamgeuzia kioo aone. Anaona nini? Anaitikia tu kwa adabu, mnarudi mjini na uongo. Mzee Lazaro alikuwa akiweka ungo katikati ya watu, anapanga maharage: mekundu wanawake, ya njano wanaume, na aliyekufa anageuzwa anawekwa kwa ubavu pembezoni. Bibi ambaye hajui kusoma anakuangalia unavyopanga, mara anatoa mkono, anasogeza punje moja. "Huyu si mtoto wa huyu." Basi. Punje hiyo moja inaweza kuvunja kesi ya miaka. Na alinipa amri mbili ambazo nawe nakupa. Ya kwanza, anza na wanawake, kwa sababu wanaume watakusimulia ukoo wanaoutaka, wanawake wanakumbuka nani alizaliwa mwaka wa njaa. Ya pili, uliza kwanza waliokufa. Walio hai watajileta wenyewe.

Na kweli walijileta. Nimeona wajane wawili wa mume mmoja wakikutana mara ya kwanza kwenye jeneza lake, kila mmoja na kwaya yake, na kwaya zote mbili zimejiandaa kuimba. Nimeona kaka na dada wanagombania kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la ukoo, mpaka wanakatana mapanga, halafu mwaka unaofuata wamepatana, wanamlaumu wakili. Waswahili wamesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi sikuwahi kukaa mbali kiasi hicho. Nilikuwa katikati, na ungo wangu.

Lazima niseme kitu kuhusu masale, maana Neema wewe umezaliwa mjini na mama yako ni mtu wa Tanga. Sale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani, unasimama wima, haufi kirahisi. Kwetu Uchagani na kwa Wameru, masale ndiyo mpaka. Ukipanda masale kati yako na jirani, umemaliza maneno. Mtu anayeng'oa masale ya mpaka anajitafutia laana, hata awe mlevi namna gani hathubutu. Lakini masale hayohayo zamani yalipandwa pia kwenye makaburi, kabla ya saruji na misalaba. Na ukimkosea mtu kosa lisilosemeka, unakata sale, unafunga fundo jani lake, unampelekea. Akiletewa sale hawezi kukataa. Mambo yote matatu yataingia kwenye habari ninayokusimulia, na ndiyo habari moja ambayo sijaweza kuiacha ofisini pamoja na funguo.

Mzee Lazaro alikwisha kufariki, na ungo ulikuwa wangu, siku Bibi Ndeshi alipopanda zile ngazi. Alipanda polepole akiwa ameshika ukuta, akafika mlangoni akasimama, hakukaa kwenye lile benchi la wateja mpaka Wakili mwenyewe alipotoka kumkaribisha. Si kiburi. Ndivyo alivyolelewa. Baba yake alikuwa mshili, yaani kiongozi wa ukoo, na bibi mzaa baba yake alitoka nyumba ya mangi, chifu kabisa. Nimewahi kuona sokoni Tengeru wanawake wazima wanasimama kumpisha, shikamoo zinamiminika, naye anaitikia marahaba moja moja, hakuna aliyerukwa. Wakili alimwita Bibi, yeye akamwita Wakili mwanangu, akaweka fimbo yake juu ya meza, juu ya mafaili, akaeleza.

Mshili hakubakiza mtoto wa kiume. Alikuwa na Ndeshi tu, na Ndeshi aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na binti yake mgongoni, Rehema. Wengi waliorudi namna hiyo walipewa kona jikoni kwa kaka. Mshili yeye aliita ukoo na mzee wa kanisa, akasema kwa mdomo wake: kihamba changu cha juu, mpaka kwenye masale, ni cha Ndeshi. Chini ya masale ni cha mdogo wangu. Wote walisikia, wakala, wakanywa, wakaenda. Miaka ikapita, mshili akafa, mdogo wake akafa. Kihamba cha chini kikafika kwa mjukuu wa huyo mdogo, kijana anayeitwa Elia, muuza mbao kule Kwa Mrombo. Na Elia akasema, sawa, shangazi ana haki yake mpaka kwenye masale. Masale haya hapa.

Shida ilikuwa hapo. Yale masale aliyoonyesha Elia yalikuwa katikati ya migomba, karibu kabisa na nyumba ya Bibi. Ukiyafanya hayo kuwa mpaka, Bibi anabaki na nyumba, uani, na migomba michache. Kahawa yote, malisho na mfereji wa maji vinakwenda kwa Elia. Bibi yeye alisema mpaka ulikuwa chini kabisa, kando ya mfereji, mahali ambapo hapakuwa na sale hata moja.

Nilivaa buti nikapanda. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikaanza na wanawake. Wajane watatu wa ukoo, kila mmoja nyumbani kwake, ungo magotini. Wawili walikumbuka kwamba kando ya mfereji paliwahi kuwa na masale, yakaondolewa mfereji ulipojengewa saruji, na hakuna aliyeyarudisha kwa sababu wote waliokuwepo walijua mpaka uko wapi. Lakini wajane hao walikuwa wameolewa pale, hawakuzaliwa pale, na wazee wa kiume walisema wao hawakumbuki. Walichokiona wote kwa macho ni ile safu moja iliyobaki, imenyooka kama imepigwa kamba. Neema, mtu wa pwani akiona ile safu angeona maua. Sisi watu wa mlimani tukiona masale yamenyooka, akili inasema mpaka kabla jicho halijamaliza kuangalia. Hata mimi. Elia hakuwa mwizi. Alikuwa amezaliwa akiyakuta, babu yake kafa yeye hajui kuuliza, na aliamini anachosema. Huyo ndiye adui mgumu kuliko wote, anayeamini.

Jambo moja lilinisumbua. Kila nilipomuuliza Bibi, kama mpaka uko mferejini, basi yale masale ya juu yalipandwa kwa ajili gani, alikuwa anageuza maneno. Ataniuliza nimekula. Ataniuliza Aika, binti yangu, anaendeleaje na shule. Mtu asiyeogopa kumwekea wakili fimbo juu ya mafaili, anaogopa swali hilo.

Siku moja Wakili akasema twende wote, kesi inakaribia, tukambane. Alikuwa na viatu vyake vyeusi vya mahakamani, vikazama tope mpaka kwenye kamba. Tulikaa jikoni, Wakili kwenye kigoda, magoti yamefika kidevuni, moshi unamliza. Bibi alikuwa anachagua mchele. Nikaweka ungo wangu chini, nikapanga ukoo upya kwa mara ya sijui ngapi, baba yake, baba mdogo, yeye, Rehema, Elia. Nilipomaliza akauangalia kwa muda mrefu. Akaingiza mkono kwenye kopo langu, akatoa punje tatu nyekundu. Akaziweka moja moja, kwa ubavu, kwenye mstari, katikati ya punje ya kwake na punje ya Elia. 

"Ile safu si mpaka," akasema. "Huyu ni mama yangu. Hawa ni wadogo zangu mapacha, walikufa naye wiki ileile, hawakufikia hata kupewa majina. Baba alipanda masale mwenyewe."

Wakili alinyanyuka kwenye kigoda, kigoda kikaanguka. Nilimwona uso umemng'aa. Akasema Bibi, kwa nini umekaa na neno hili siku zote, hapa tumeshamaliza kazi. Akaanza kueleza kwamba tutaomba baraza la ardhi litoe amri pachimbwe, hata kaburi moja tu, daktari awepo, mchungaji awepo, kwa heshima zote, na mifupa ikionekana hakuna mjumbe duniani atakayesema kaburi ni mpaka. Bibi alimwacha amalize. Hakuna alichokosa huyu mama kama haraka.

"Mwanangu, mama yako wewe yuko wapi?"

Wakili akasema amepumzika, yuko nyumbani, Kibosho.

"Ungemfukua aje akutolee ushahidi?"

Wakili alikaa chini, na kigoda kilikuwa hakipo, akakaa kwenye sakafu ya udongo na suti yake. Bibi akarudi kuchagua mchele, na huku anachagua alituambia jambo ambalo mimi peke yangu nisingelifikiria. Akasema Elia akiamini ni mpaka, hatagusa hata jani. Hakuna Mmeru anayeng'oa masale ya mpaka. Lakini akijua ni makaburi ya zamani, ya mwanamke na vichanga ambao hata kanisa halikuwazika, atasema hayo ni mambo ya kale, atayahamisha apate nafasi ya kulima. Labda si yeye, basi mwanawe. "Wao wachukue kahawa," akasema. "Mimi nibaki na mama yangu. Na msimwambie mtu. Hata Rehema."

Tulirudi mjini. Kufika Themi, Wakili alisimama chini ya ngazi anakwangua tope kwenye viatu kwa kijiti, akaniambia, Mama Aika, mteja ndiye mwenye neno. Nikasema ndiyo. Nilikwenda msalani nikalia, nikanawa, nikarudi kupiga chapa maelezo ambayo hayakuwa na neno hata moja la maana.

Wajumbe wa baraza walikuja kuona eneo, wakatembea kwenye safu, wakagusa majani. Mmoja akasifia jinsi wazee walivyokuwa wakijua kunyoosha mpaka. Bibi Ndeshi alisimama mlangoni kwake na kanga kichwani, anawaangalia wanaume wanatembea juu ya mama yake.  Uamuzi ulitoka kama tulivyojua. Masale ni mpaka, yasiguswe na upande wowote. Elia alifurahi, akamchinjia Bibi mbuzi ili kusiwe na kinyongo, na Bibi akala.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita kumsalimia kila kazi iliponipeleka upande ule. Alikuwa anafagia chini ya masale kila asubuhi, taratibu, jani moja moja analifuta vumbi. Elia alikuwa anamtania mbele yangu, shangazi analinda mpaka nisije nikaiba hatua moja usiku. Bibi naye anamjibu, nakujua wewe, babu yako pia alikuwa na miguu mirefu. Wanacheka. Mimi nilikuwa nashindwa kucheka, naomba maji ya kunywa.

Halafu miguu yake ikaanza kuvimba. Rehema alikuwa anaishi Moshono, fundi cherehani, vyumba viwili na watoto watatu, akamchukua mama yake ili awe karibu na hospitali. Nilikwenda kumwona. Chumba kilikuwa na baridi, Moshono upepo unapiga vumbi mpaka ndani, na yule mama wa nyumba kubwa amelala kwenye kitanda cha mjukuu, amejifunika vitenge vya wateja. Hakuuliza habari ya kihamba. Aliuliza, "Yamesimama?" Nikasema yamesimama, Bibi. Kila nilipokwenda ndilo swali, na ndilo jibu. Mara ya mwisho hakuweza kuuliza, akanikazia macho tu, nikajibu vilevile.

Alipofariki ukoo ulikaa. Wazee wakasema binti huzikwa kwa mumewe. Watu wa mumewe wakasema huyo aliondoka zamani, sisi hatumjui. Rehema akaomba azikwe uani kwa baba yake, kwenye kile kipande alichoachiwa. Wazee wakasema kipande ni chembamba, na kaburi la binti aliyerudi litaleta maneno baadaye. Waliyasema haya kwa upole, wakikohoa, kila mmoja anaangalia fimbo yake. Kwa hiyo binti wa mshili alizikwa Moshono, kwenye makaburi ya usharika, kati ya mtu wa Singida na mtoto wa mpangaji. Ninawaheshimu wote wawili. Lakini mimi ni mtu wa mlimani, Neema, na kwetu mtu kutozikwa kihambani ni kama kufungiwa mlango usiku na wenzako wako ndani wanakula. Nililia pale bila aibu.

Ukoo haukuishia hapo. Wakasema Rehema ni mtoto wa ukoo mwingine, kile kipande chembamba na nyumba virudi kwa Elia. Rehema alikuja ofisini. Wakili, nywele zake zimeshakuwa nyeupe, alimwambia, binti yangu, sheria iko upande wako wazi kabisa, mtoto wa kike anarithi, tunakwenda na tunashinda. Na ni kweli tungeshinda. Lakini nikamwambia Rehema, sheria inakaa mjini, jioni inarudi nyumbani kwake. Wewe ndiye utakayelala kule migombani na majirani wasiokusalimia. Rehema alisikiliza akasema, "Mama Aika, mama amekaa kwenye ugomvi ule mpaka miguu ikavimba. Mimi nina watoto. Wachukue."

Sikumwambia kilichokuwa chini ya masale. Bibi alikuwa ametufunga mdomo, na katika kazi yetu neno la mteja halizikwi pamoja naye. Nilifunga faili, na nilipokuwa naliweka kabatini ndipo nikaona tulichokosa. Mpaka ni wa watu wawili. Sasa kule juu kulikuwa na mwenye kihamba mmoja, chini na juu, na mtu mmoja hahitaji mpaka. Bibi alikuwa amefikiria yote, ila hakufikiria kwamba watamnyima binti yake hata ule uani. Nilipanda kule wiki hiyo. Yalikuwa yamesimama, vumbi limejaa kwenye majani. Nikayafuta kwa kanga yangu, nikashuka.

Nilistaafu nikidhani nimeiacha.

Mwezi uleule wa kwanza wa kukaa nyumbani, asubuhi ya mvua, nikasikia hodi. Alikuwa Elia, amelowa mpaka kichwani, ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Hakuketi. Akaniamkia, nikaitikia, akabaki ameinamisha kichwa, jitu zima muuza mbao. Akaniambia alikuwa anachimba msingi wa nyumba, nyumba ya kisasa ya watoto wake. Vibarua wakapiga sururu chini ya ile safu wakatoa mfupa. Akawasimamisha, akaita mchungaji, wakachimba kwa mikono. Mtu mzima mmoja, na vingine viwili vidogo ambavyo alisema alidhani ni vijiti. Wameviweka kwenye shuka nyeupe, ndani ya nyumba ya Bibi.

"Mama Aika, wewe ulijua?"

Nikamwambia nilijua.

"Mbona hukusema?"

"Alinikataza. Alisema ukiamini ni mpaka hutagusa."

Aliketi sasa, palepale kwenye ngazi, mvuani. Nilimwacha kidogo, kwa sababu kuna muda mtu anahitaji mvua impige. Halafu nikavaa buti zangu, nikatoa mwavuli, tukaenda Moshono.

Rehema alikuwa kwenye cherehani. Alituona mlangoni pamoja, mimi na Elia, akaacha kukanyaga. Nilisema mimi, nikasema yote, ya jikoni, ya maharage, ya wajumbe waliotembea juu yake, ya lile swali la kila siku pale kitandani. Rehema alinisikiliza akiwa anakunjakunja kitambaa cha mteja. "Nami nilikuwa nawaambia wanangu bibi yao anaulizia maua yake," akasema, "kumbe ni bibi yangu." Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Elia akafungua gazeti. Lilikuwa sale, lina shina na majani yake, jani moja limefungwa fundo vizuri, kama tulivyofundishwa. Akapiga magoti, akalitoa kwa mikono miwili. Rehema alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu sale halikataliwi na mama yake alimlea. Akaligeuza, akaangalia lilipokatwa, utomvu bado mbichi.

"Umelikata wapi?"

 Sote watatu tukajua amelikata wapi. Kule kihambani hakukuwa na mengine.

Mifupa tulikubaliana iletwe Moshono, ilale miguuni kwa Bibi. Elia alichimba mwenyewe, hakutaka kibarua. Lile sale Rehema aliliweka ndani ya sanduku la mifupa, juu ya shuka, kabla halijafungwa, akasema limrudie mwenyewe. Mchungaji alipouliza jina la kuandika msalabani, Elia akasema atawauliza wazee. Akapanda mlimani akakaa nao jioni nzima. Walimtajia mababa mmoja baada ya mwingine, mpaka yule wa kwanza aliyepanda Meru na mbuzi wake. Walimkumbukia mpaka rangi ya dume lililotolewa mahari siku mshili alipomuoa yule mwanamke, dume jekundu lenye baka jeupe. Jina lake mwenyewe hakuna aliyelijua.

Elia aliporudi, yeye na Rehema wakanigeukia mimi, mama wa maharage. Niliwahi kumuuliza Bibi. Lakini kwao mtoto hatamki jina la mama yake, na aliziba mdomo kwa kanga, akacheka kama msichana, akasema mama ni mama. Nikamuuliza, majirani walimwitaje? Walimwita Mama Ndeshi. Ndivyo nilivyoandika, kama nilivyoandika kwa mamia ya wanawake wengine.

Basi ndilo tulilompelekea fundi wa misalaba. Alipomaliza kupaka rangi ule mpya, akautazama wa Bibi uliosimama pembeni, akatuuliza kama hatujakosea, maana jina Ndeshi liko kote kuwili. Rehema akamwambia aandike tu.